Makumbusho kwa Familia Zinazosafiri kwa Gari Kutoka Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wazazi huulizana kila likizo inapokaribia: langoni mwa shule, baada ya ibada, kwenye vikundi vya WhatsApp. Majibu yameandikwa kwa familia inayoanzia Nairobi na ina gari, liwe lake au la kukodi. Ushauri wote hapa unatokana na imani moja: mtoto akisimama mbele ya kitu kimoja hadi maswali yaanze kumtoka, ziara imefaulu, hata kama vyumba vingine vyote hamkuviingia.

## Kuanza

Watoto wetu hawajawahi kuingia makumbusho yoyote. Tuanzie wapi?

Kama mkubwa wao hajafika Gredi ya Tatu, anzeni na Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya zamani. Kule wanapanda, wanashika chuma, wanakimbia kati ya mabehewa, na hakuna anayewanyamazisha. Kwa wakubwa zaidi, anzeni na Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, Museum Hill. Yote mawili yako karibu na katikati ya jiji, kwa hivyo mtoto akikataa kuendelea mnarudi nyumbani bila kupoteza siku nzima. Safari za nje ya jiji zisubiri hadi watoto waonje raha ya kutazama kitu polepole.

Makumbusho ya Kitaifa yana nini hasa? Tulipelekwa na shule zamani, tukaona ndege waliokaushwa tu.

Ndege bado wapo, mamia, na mtoto anayependa ndege hatataka kutoka chumba kile. Lakini jengo lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, lilifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2008. Kama ulikwenda miaka ya tisini, mengi utayaona upya.

Nendeni moja kwa moja kwa Mvulana wa Turkana. Ni mifupa ya mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, iliyopatikana Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984. Ni nadra sana kwa mifupa ya kale namna hiyo kupatikana ikiwa karibu kamili. Waambieni watoto pia nani aliyeiona kwanza: Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kama kibarua wa kuchimba katika timu za akina Leakey, familia ya watafiti wa mambo ya kale, na kuwa mmoja wa watafutaji visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) hodari kuliko wote duniani. Alichoona siku ile kilikuwa kipande kidogo cha fuvu chenye rangi karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Ukimwambia mtoto hivyo kabla hamjaingia, ataitazama ile mifupa kwa macho mengine kabisa.

Kisha Ahmed, ndovu wa Marsabit. Pembe zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalum ya kumlinda mwaka 1970, na akawa na walinzi hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake ya ukubwa kamili iko uani. Mwulizeni mtoto: kwa nini ndovu mmoja alihitaji amri ya rais? Mazungumzo ya ujangili yataanza yenyewe.

Bustani ya nyoka, iliyoanzishwa mwaka 1961, iko katika uwanja huohuo. Iacheni iwe ya mwisho, kwa sababu mkianza nayo hakuna kingine kitakachoonekana cha maana.

Tunalipaje, na ni wakati gani mzuri wa kwenda?

Makumbusho yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya hupokea malipo kupitia eCitizen, kwa hivyo msitegemee pesa taslimu. Lipieni mkiwa nyumbani au hakikisheni simu ina chaji na bando, hasa mkielekea Olorgesailie, nje ya jiji kwenye Barabara ya Magadi. Viwango hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni, na watoto hulipa kidogo zaidi. Bei hurekebishwa mara kwa mara, kwa hivyo zitazameni upya kabla ya kila safari.

Museum Hill hufunguliwa kila siku, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, wikendi na sikukuu zikiwemo. Asubuhi ya siku ya kazi katika muhula wa shule ndiyo yenye mabasi ya wanafunzi. Jumapili mapema ni shwari.

## Ndani ya jiji

Ni kweli Makumbusho ya Reli yana simba wa Tsavo waliokula watu?

Hapana, na hili huchanganya hata watu wazima. Simba wawili wa Tsavo walioua wajenzi wa reli mwaka 1898 walipigwa risasi na mhandisi John Henry Patterson mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na leo wako Chicago, Marekani, katika Field Museum.

Kilichoko Nairobi ni behewa la kisa kingine. Mwezi Juni mwaka 1900, mkuu wa polisi wa reli Charles Ryall alikesha ndani ya behewa pale Kima, kwenye njia ya kwenda Mombasa, akimvizia simba aliyekuwa akisumbua stesheni. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia behewani, akamuua na kumburuta nje kupitia dirishani, huku wenzake wawili wakiwa mlemle ndani. Behewa hilo mtalikuta. Mtoto akiona jinsi nafasi ilivyo finyu, hahitaji maelezo mengi.

Mbali na behewa hilo, kuna nini kwa mtoto asiyejali historia?

Kuna ukubwa. Injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, ni ya daraja la 59, aina ya Garratt, iliyoundwa Manchester katika miaka ya hamsini. Ina uzito wa tani 252 hivi, na injini za daraja hilo zilizokuwa 34 zilikuwa zenye nguvu kuliko injini zote za mvuke za reli yenye upana wa mita moja. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania. Msimamisheni mtoto kando ya gurudumu mlinganishe urefu.

Bebeni utepe wa kupimia. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ya zamani ni milimita 1,000. Wa SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ni 1,435. Mtoto akishapima mwenyewe, mwulizeni kwa nini gari moshi la njia moja haliwezi kuhamia nyingine. Hapo hisabati, historia na siasa za nchi vinakutana, na hamjafungua kitabu chochote.

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1971, na mengi ya mabehewa yako nje. Mvua ikinyesha, ziara inakuwa fupi.

Tuko katikati ya jiji na tuna saa moja tu. Twende wapi?

Jengo la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Maelfu ya watu hulipita kila siku bila kujua kuwa ghorofa ya chini imejaa vinyago, vito, silaha na vitambaa vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache mwaka 1966. Nendeni siku ya kazi.

Sehemu nyingine ya mkusanyiko wake iko Nairobi Gallery, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo hilo la 1913 lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Hapo ndipo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, na hapo ndipo pamehesabiwa kuwa sifuri ya umbali wa barabara za nchi. Kabla ya safari ndefu ni mahali pazuri pa kupita: safari yenu inaanza palipoanzia hesabu.

Nyumba ya Karen Blixen inafaa watoto?

Kwa wa sekondari, ndiyo. Nyumba ilijengwa mwaka 1912, mwandishi huyo wa Denmark aliishi humo kuanzia 1917 hadi 1931, na imekuwa makumbusho tangu 1986. Wadogo hawatajali samani. Wao wapelekeni kwenye mashine za zamani za kahawa zilizoko uwanjani, muwaeleze kuwa shamba lile lilishindwa kwa sehemu kubwa kwa sababu liko juu mno kwa kahawa. Kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kuulizwa swali zito zaidi: ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya shamba, na mbona hadithi yake inajulikana zaidi kuliko zao?

## Kutoka nje ya jiji

Tunataka kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mahali gani ni bora?

Olorgesailie, na hakuna pa pili. Ni kama kilomita 70 kwa Barabara ya Magadi: mnapita Ongata Rongai, Kiserian, mnafika Kona Baridi, kisha Bonde la Ufa linafunguka mbele yenu na joto linaanza kupanda kila mnaposhuka.

Hapo zamani palikuwa ziwa. Watu wa kale waliishi kandokando yake kwa muda mrefu mno, wakichonga mashoka ya mawe na kuyaacha. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita hapo mwaka 1919. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba miaka ya arubaini, wakisaidiwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia. Mamia ya mashoka yaliachwa palepale yalipokutwa, na mnayatazama mkiwa juu ya daraja la mbao. Hakuna kabati la kioo. Hilo ndilo linalonifanya niipende Olorgesailie kuliko makumbusho yoyote yenye taa nzuri: mtoto haoni vitu vilivyokusanywa, anaona sakafu ya karakana ambayo mafundi wameondoka.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa zaidi ya miaka 300,000 iliyopita, watu wa hapa walitumia obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa, iliyotoka makumi ya kilomita mbali. Kwa hiyo huenda walikuwa wakibadilishana vitu na watu wa mbali. Mwulizeni mtoto anayejua soko la Gikomba: hao walilipana nini?

Fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Kivuli ni kidogo, jua la mchana halina huruma, na duka la maana la mwisho mnaliacha Kiserian. Bebeni maji ya kutosha, kofia na viatu vilivyofungwa. Ombeni kuongozwa na mwenyeji wa pale, kwa sababu bila maelezo mtoto ataona mawe tu. Mkibaki na nguvu, Ziwa Magadi na magadi yake meupe yako mbele kwenye barabara hiyohiyo.

Tunaelekea Nakuru. Tusimame wapi njiani?

Njia hii ina vituo vingi kuliko siku moja inavyoweza kubeba. Chagueni viwili.

Mkishukia Mai Mahiu kwa barabara ya chini, kuna kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Dakika kumi na tano zinatosha. Mteremko huo una malori mengi, kwa hivyo egesheni mbali na lami na mshikeni mtoto mkono.

Kariandusi, karibu na Elementaita, ni eneo lingine la mashoka ya mawe, lililotambuliwa na Louis Leakey mwaka 1928. Mlioona Olorgesailie mtatambua mara moja ufundi uleule, ila hapa baadhi ya mashoka ni ya obsidiani. Jirani kuna machimbo ya daiatomaiti, kuta nyeupe kabisa zilizotokana na maganda ya mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho. Ziwa lililokauka limeacha unga wake. Mapango ya machimbo hayo yasiingiwe bila mwenyeji.

Hyrax Hill iko ukingoni mwa jiji la Nakuru. Mary Leakey alichimba hapo 1937 na 1938, na nyumba ya shamba iliyokuwepo ikawa makumbusho mwaka 1965. Msiishie ndani ya nyumba: pandeni kilima mtafute vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba. Bebeni kete au kokoto. Pimbi (hyrax kwa Kiingereza) waliokipa kilima jina ni jamaa wa karibu wa ndovu kwa ukoo, na hakuna mtoto anayeamini jambo hilo mara ya kwanza.

Halafu kuna kasri la Egerton, Njoro. Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza, alianza kulijenga 1938 na likakamilika 1954. Wenyeji husimulia kuwa alijenga baada ya mchumba kuikataa nyumba yake ya kwanza kuwa ndogo, na baada ya hapo akawapiga marufuku wanawake katika makao yake. Leo linatunzwa na Chuo Kikuu cha Egerton. Watoto hulipenda kwa sababu ni kubwa bila sababu. Wazazi, ulizeni vyumba vyote hivyo vilikuwa vya nani.

Na upande wa Mlima Kenya?

Nyeri kuna Paxtu, nyumba ndogo ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, ambako Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi miaka yake ya mwisho. Alifariki Januari 1941 na amezikwa mjini Nyeri. Kwenye kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njia ya skauti inayomaanisha kuwa amekwenda nyumbani. Kama mtoto wenu ni skauti, mpeni nafasi awaeleze alama hizo yeye mwenyewe. Mkiendelea hadi Nanyuki, mtafika ikweta.

Lile onyesho la maji kuzunguka kwenye ikweta ni la kweli?

Maji yanazunguka kweli, lakini sababu inayotolewa, kwamba mzunguko wa dunia huyageuza kulia au kushoto kulingana na upande wa mstari, si ya kweli. Mzunguko wa dunia hugeuza upepo na dhoruba kubwa. Ndani ya karai, kwa umbali wa hatua ishirini kutoka kwenye mstari, nguvu hiyo ni ndogo mno kuonekana. Mwelekeo wa maji unatokana na jinsi yalivyomiminwa na jinsi karai lilivyogeuzwa.

Mlipeni kijana anayeonyesha bila kumuaibisha, kwa kuwa anafanya kazi na anaifanya kwa ustadi. Kisha mkiwa nyumbani jaribuni na beseni: yaacheni maji yatulie kwa saa kadhaa, chomoeni kizibo taratibu, rudieni mara nyingi, andikeni matokeo. Hilo ni somo bora kuliko cheti cha ikweta.

Swali kama hili huulizwa pia kuhusu Kyamwilu, kule Machakos, ambako maji na magari huonekana kupanda kilima. Ni macho yanayodanganywa na umbo la ardhi. Bebeni pimamaji ya fundi muiweke barabarani.

Desemba tunakwenda ushago magharibi. Kuna cha kuvunja safari?

Kisumu kuna makumbusho yaliyofunguliwa 1980 yenye boma la Kijaluo la ukubwa kamili, samaki na nyoka. Kitale yalianza na mkusanyiko wa mlowezi aliyeitwa Stoneham. Kapenguria ndiyo ninayosihi msiipite: ni seli za Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, waliohukumiwa huko mwaka 1953. Watoto wameyakariri majina hayo darasani. Seli humpa kila mmoja wao ukuta na mlango.

## Watoto wenyewe

Mtoto wetu huchoka baada ya dakika kumi. Tufanyeje?

Mpeni kazi. Achague kitu kimoja, akichore, kisha awaeleze wengine garini. Usimsomee vibao vyote. Lisheni watoto kabla ya kuingia: mandazi na chai ya chupa kwenye maegesho huokoa ziara nyingi. Na mkiona amekwama mbele ya kitu ambacho ninyi hakiwavutii, subirini hapo. Wazazi wengi humvuta mtoto mkono wakati ambapo ndiyo kwanza ameanza kuona.

Kanisani tunafundisha uumbaji. Niseme nini kwenye chumba cha visukuku?

Hamko peke yenu. Mwaka 2006, kabla makumbusho kufunguliwa upya, viongozi kadhaa wa makanisa ya kiinjilisti walipinga hadharani jinsi visukuku hivyo vingeonyeshwa. Ushauri wangu ni kutomficha mtoto mifupa. Mwambieni ilipatikana wapi, nani aliipata, na wanasayansi hupimaje umri wa majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Kisha mwambieni wazi nyumbani kwenu mnaamini nini. Mtoto anaweza kubeba yote mawili mezani na kuuliza, na ni afadhali awaulize ninyi.

Bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 inafaa umri gani?

Naiona kuwa ya miaka kumi na kuendelea. Iko kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mahali ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998. Watu 213 waliuawa Nairobi, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa kazini au njiani. Majina yao yameandikwa ukutani. Msiweke ziara hii siku moja na ya nyoka au reli. Kama kuna jamaa aliyepoteza mtu siku ile, mwombeni aende nanyi, ikiwa ana moyo wa kwenda.

## Hali za pekee

Bibi anatumia kiti cha magurudumu. Ataweza?

Museum Hill ndiyo rahisi zaidi. Olorgesailie ina njia za udongo na mawe, na kilima cha Hyrax Hill hakifai, ingawa nyumba ya makumbusho yenyewe iko chini. Makumbusho ya Reli yana ardhi isiyo sawa. Anaweza kukaa kivulini huku wajukuu wakimletea habari. Kama aliwahi kusafiri kwa gari moshi la zamani kwenda Kisumu, yeye ndiye mwongozaji wenu siku hiyo.

Mjomba amekuja kutoka ng'ambo. Atalipa bei gani?

Kiwango hufuata uraia au ukazi, kwa hivyo abebe kitambulisho au pasipoti. Mengine yako kwenye swali la malipo hapo juu.

Mtoto ameokota jiwe linalofanana na shoka. Tunaweza kwenda nalo nyumbani?

Kwenye eneo la kale, hapana, hata kama ni kipande kidogo. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo. Alirudishe palepale alipolitoa, wala si karibu na pale, kwa sababu mahali pake ni nusu ya habari yake. Mwonyesheni mwongozaji.

Likipatikana kwenye shamba lenu, utaratibu ni uleule. Pigeni picha mkiweka kalamu kando ili ukubwa uonekane, wekeni alama mahali hapo, msilioshe wala kulisugua, kisha mpeleke taarifa Museum Hill au kwenye makumbusho ya kitaifa yaliyo karibu. Kama mlikuwa mnachimba msingi, hamieni upande mwingine wa kiwanja hadi mtu aje kutazama.